Unarudi Ndungu na gari? Angalia umelimiliki muda gani

Mtu akiwa Oman au Uingereza na ameamua kurudi Ndungu, wilayani Same, moja kwa moja, hakosi ndugu wa kumshauri: nunua gari ukikaribia kuondoka, lifike bado zima. Ushauri huo unaweza kumgharimu mamilioni.

Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru anayehamia nchini, kwa gari moja tu, ila awe amelimiliki na kulitumia hukohuko nje kwa miezi 12 au zaidi. Siku za melini hazihesabiwi.

Ukikosa msamaha, hesabu ni hii. TRA wakilithamini Sh10 milioni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh2.5 milioni. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru, yaani Sh2.25 milioni nyingine. Hapo bado ushuru wa bidhaa, ambao unapanda gari likizidi miaka 8.

Kuna jingine, na kwa Ndungu ndilo zito. Msamaha hauhusu gari la mizigo linalobeba zaidi ya tani 2. Anayetaka kurudi na lori la kusombea mpunga wa skimu atalipa tu, hata kama amelimiliki miaka 5. Sheria inamwona anayerudi kama mtu wa gari la kutembelea, wakati wengi wanatafuta gari la kazi.

Pikapu ya tani 1 bado inaingia humo, mradi kadi iwe na jina lako, sio la shemeji.