JIKO HALINA KOSA, KOSA NI LA MWENYE NYUMBA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Katika mkutano uliopita walisimama wenzetu kadhaa wakataka ushirika usitoe tena hata senti moja kwa ajili ya majiko sanifu ya kuni. Walisema majiko haya yanajaza moshi, yanapasuka, yanakula kuni, na afadhali turudie mafiga matatu ya bibi zetu. Wengine mkapiga makofi. Jambo hilo litapigiwa kura mkutano ujao. Kwa hiyo nasema hapa ubaoni mapema, kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake: hoja ile ni ya uvivu.

Tumepita nyumba kwa nyumba na wajumbe wa kamati tukaangalia. Tumeona nini? Dohani imezibwa kwa gunia ati mvua isiingie, na gunia halijatolewa tangu masika. Dohani nyingine ina masizi mazito hata mkono haupiti. Kuni ni mbichi, zimekatwa juzi. Gogo zima limesukumwa kwenye mdomo wa jiko mpaka mdomo umebomoka. Ufa umeanza kama uzi, sasa kidole kinaingia, na hakuna aliyechukua hata konzi moja ya udongo kuuziba. Halafu mtu anasimama mkutanoni anasema jiko ni baya!

Jamani, baiskeli ukiiendesha miaka miwili bila kuitia mafuta, mnyororo ukikatika utamlaumu aliyeitengeneza? Jembe tunalinoa. Paa tunaliezeka. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walichimba vyoo. Je, choo kikichimbwa kinajifagia chenyewe? Jiko nalo ni hivyo hivyo. Kujenga ni siku moja, kutunza ni kila siku.

Sasa nawageukia wanaume. Mnasema jiko ni mambo ya akina mama. Sawa, na dohani inayopita kwenye paa je? Mnataka mama mwenye mtoto mgongoni apande juu ya bati? Ugali mnaula wote, moshi anaumeza yeye na watoto. Na moshi si mchezo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayekohoa kila usiku karibu na mafiga hajarogwa. Anavuta moshi.

Wako wanaosema tungoje gesi. Ni kweli, Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Mwenye uwezo wa gesi anunue leo. Lakini wewe usiye nayo, jioni hii utapikia nini? Si kuni hizo hizo? Basi ziwake vizuri wakati tunangoja.

Haya ndiyo mambo ya kufanya. Hayahitaji fedha, yanahitaji mikono:

1. KUNI. Zikaushwe. Pasua vipande vyembamba, vipange juu ya magogo visiguse ardhi, vifunikwe juu lakini upepo upite pembeni. Kata kiangazi upikie masika. Kuni mbichi inamaliza moto wake kukausha maji yaliyomo ndani, na kinachobaki ni moshi na masizi. Huyo ndiye anayekula kuni zenu, siyo jiko.

2. DOHANI. Isafishwe kila mwezi, na masika kila baada ya wiki mbili. Funga gunia kuukuu kwenye mti mrefu, sugua juu mpaka chini, jiko likiwa limepoa. Masizi yakijaa yanaweza kushika moto humo humo ndani, na paa la nyasi halingoji kuambiwa. Mvua izuiwe kwa kofia ya bati iliyoinuliwa, siyo kwa gunia. Na nyasi zisiguse dohani popote.

3. UFA. Uzibwe siku ile ile unapouona, kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Loweka ufa kidogo, siliba, uache ukauke kabla ya kuwasha. Usimwagie maji jiko la moto, ndiyo maana linapasuka.

4. KUWASHA. Tumia vijiti na majani makavu. Petroli ni marufuku. Mafuta ya taa usimwagie kwenye makaa, moto utakurukia usoni.

5. VITU VYA KARIBU. Kuni zisianikwe juu ya jiko, wala nguo, wala magunia ya mahindi. Mikono ya sufuria ielekee ukutani. Mtoto mdogo asiachwe peke yake jikoni. Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha zahanati. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia havitibu.

6. MAJIVU. Yanaficha makaa hai hata siku ya pili. Yawekwe kwenye debe au shimo, mbali na nyumba na ghala, ndipo yapelekwe shambani.

7. KULALA. Asilale mtu na makaa kwenye chumba kilichofungwa ati aote moto. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mnalala wazima, hamwamki.

Hayo saba yafanyeni mwezi mmoja, halafu mje mkutanoni mseme jiko ni baya. Nitawasikiliza.

Kuhusu fedha za ushirika, napendekeza hivi. Fungu la majiko lisifutwe. Lakini asipewe mtu bati wala tofali jipya kabla kamati haijaona dohani yake ya zamani imesafishwa. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi iwe siku ya dohani kijiji kizima. Vijana wasaidie nyumba za wazee na wajane, wenye nyumba wengine wapande wenyewe. Viongozi tuanze na za kwetu. Mje mkague, mlango uko wazi.

Mafiga matatu hayakuwa heshima kwa bibi zetu, yaliwatoa machozi miaka yote. Tusiwarudishe wake zetu na binti zetu huko kwa sababu ya uvivu wa kushika gunia na mti.

Uvivu na uzembe jikoni, zii!
Ushirika, oyee!

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji