“Walijuaje?”: Kufundisha Utambuzi wa Bakteria

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la sita nikisikiliza somo la sayansi. Mwanachuo aliandika ubaoni: “Bakteria ni vijidudu viletavyo magonjwa.” Kisha akataja kifua kikuu, kipindupindu na homa ya matumbo, nao watoto wakanakili. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: “Mwalimu, ikiwa havionekani kwa macho, walijuaje kuwa ni huyu wala si yule?” Mwanachuo akajibu: “Wataalamu wamepima.” Somo likaendelea.

Ni maoni yangu kwamba swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe, na jibu lile lilimfungia mtoto mlango. Hata sentensi ya ubaoni ilikuwa na kasoro, kwani bakteria walio wengi hawaleti maradhi. Wamo wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, na wamo wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharage wakiupatia mmea naitrojeni. Na kwa wale waletao maradhi, dawa imfaayo mgonjwa wa huyu huenda isimfae kabisa mgonjwa wa yule. Kwa hiyo kuwatambua ni jambo la uhai na mauti.

Mwaka 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu. Alimtia rangi, akamtazama kwa hadubini, akamkuza. Njia hizo zatumika hata leo, lakini zina mipaka: bakteria huyo huchukua majuma kadhaa kukua, wengine hawakubali kukua maabarani, na wengi hufanana mno kwa umbo. Ndipo wataalamu wakaigeukia DNA, uzi ulio ndani ya chembe hai, uliobeba maagizo ya urithi kwa herufi nne: A, T, C na G. Muundo wake ulielezwa mwaka 1953: uzi una pande mbili zinazokabiliana, A ikishikana na T, na C ikishikana na G. Ukizitenga pande hizo, kila upande waweza kushikana tena na mwenziwe.

Juu ya kanuni hiyo kimejengwa chombo kiitwacho maikroarei ya DNA. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikieleza mwaka 1995 katika kuchunguza jeni za mmea. Baadaye kikatumiwa kuwatambua bakteria. Ni kipande kidogo cha kioo chenye madoa yaliyopangwa kwa safu. Kila doa lina vipande vya DNA vya upande mmoja, vilivyochaguliwa kwa ajili ya bakteria anayejulikana. DNA ya sampuli, iwe ya makohozi au ya maji, huzidishwa nakala, hutiwa rangi ing’aayo, hutengwa pande zake, kisha humiminwa juu ya kioo. Kipande kilichompata mwenziwe hushikamana, visivyompata huoshwa. Madoa yang’aayo kwa mwanga wa leza ndiyo yanayotoa majina. Mwaka 2010, kisima cha mafuta kilipopasuka katika Ghuba ya Mexico, watafiti walitumia chombo cha namna hii kujua ni bakteria gani waliozidi katika maji ya kina yenye mafuta. Kadhalika, kanda za kupimia kifua kikuu sugu, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2008, hutumia kanuni ileile.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya chuo kikuu. Sikubaliani nao. Jina la chombo mtoto aweza kulikosa. Kanuni yake haimshindi. Mwalimu achukue karatasi ya manila, achore visanduku 12, na katika kila kisanduku abandike ukanda wenye herufi sita na jina la bakteria mmoja. Kandanda nyingine zilizopakwa rangi nyekundu azitie kikapuni. Kila mtoto achukue ukanda, autafutie mwenziwe: ATGCCA utashikana na TACGGT. Unaofaa ubandikwe, usiofaa urudishwe kikapuni, huko ndiko kuoshwa. Mwishoni darasa lisome ubao wa visanduku: ni bakteria gani wamo?

Utamu wa somo uko katika mitego miwili ambayo mwalimu ataiweka kwa makusudi. Kwanza, atie ukanda unaolingana kwa herufi tano tu. Acha watoto wabishane. Maabarani pia kipande cha namna hiyo chaweza kung’ang’ania mahali pasipo pake, ndiyo maana joto na chumvi ya maji ya kuoshea hupimwa kwa uangalifu. Pili, atie ukanda usio na mwenziwe popote. Utaoshwa, ingawa bakteria wake alikuwamo! Hapo watoto watagundua wenyewe kuwa chombo hujibu yale tu kilichotengenezwa kuulizwa. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya maabara nyingi zigeukie kuisoma DNA yenyewe herufi kwa herufi, gharama za kazi hiyo zilipopungua.

Nasi walimu tuna la kujifunza hapo. Mtihani wetu pia ni kioo chenye madoa tuliyoyachagua sisi. Mtoto yule wa darasa la sita angeulizwa “Taja magonjwa matatu,” angepata alama sawa na wenzake, na akili yake iliyouliza “walijuaje?” isingeonekana popote katika daftari la alama.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda mazoezini swali hilo litakujia. Usipolijua jibu, sema kuwa hulijui, liandike pembeni mwa ubao, ukalitafute pamoja na watoto katika kipindi kifuatacho.