Mzigo wa Kampala, moshi wa Voi

Sisi tunaoishi Voi kando ya barabara kuu, ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua shuka ya rangi ya majivu. Ukipenga kamasi, leso nyeusi. Matrela yanatoka bandarini Mombasa na mzigo wa Kampala, Kigali na Goma, yanaguruma usiku kucha, mzigo unakwenda zake na moshi unabaki kwetu. Treni ya SGR ilipoanza 2017 tuliambiwa malori yatapungua. Treni inapita, malori nayo yanapita.

Kifua tulishachoka kukilalamikia. Sasa tunasikia habari za ubongo. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa Ontario, Kanada, waliofuatilia watu wapatao milioni 6.6, walitoa matokeo kwamba wanaoishi chini ya mita 50 kutoka barabara kubwa hupata ugonjwa wa kusahau kwa kama asilimia 7 zaidi ya wanaoishi mbali nayo. Mita hamsini! Kwetu hapo hujafika hata kibanda cha tatu cha mahamri. Na 2020 jopo la jarida la Lancet likaitia hewa chafu kwenye orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo. Chembe za hewa hiyo ni ndogo mno, unywele mmoja unazizidi unene kama mara 30. Zinapenya mapafu, zinaingia kwenye damu, zinaharibu mishipa. Hawasemi kila anayevuta moshi atasahau jina lake. Wanasema hatari inapanda.

Basi tumtazame nyanya yetu wa mahindi ya kuchoma. Miaka nenda miaka rudi ameinama juu ya makaa, matrela yakimpulizia mgongoni. Siku hizi anakupa chenji mara mbili. Juzi alimwuliza mwanawe wa kumzaa, "Wewe baba, ni mtoto wa nani?" Majirani wakasema uzee, wengine wakanong'ona karogwa. Hospitalini akapewa dawa za presha. Tusimlaumu daktari sana, presha nayo imo kwenye orodha ileile; lakini moshi hakuna aliyeutaja.

Nasi tusijifanye wasafi. Makaa tunanunua wenyewe, na jalala la plastiki tunaliwasha wenyewe kila jioni. Ila kanuni za ubora wa hewa nchi hii inazo tangu 2014, na kwenye stendi yetu hatujaona chombo cha kupima hata kimoja. Tukiuliza, tunaambiwa tuandike barua. Tumeandika. Tukaambiwa tusubiri. Tunasubiri, tunavuta.

Mwana wa nyanya alimsihi mamake ahamishie jiko nyuma ya maduka, mbali na lami. Nyanya akageuza hindi, akapuliza majivu.

"Wanaonunua ni madereva. Huko nyuma nitamuuzia nani, mbuzi?"