Mkweche au mali? Somo la gari la James Bond kwa wenye Land Rover Songwe

Agosti 15, 2019, kampuni ya RM Sotheby's ilipiga mnada gari aina ya Aston Martin DB5 huko Monterey, California. Nyundo ilipogonga na gharama zote kujumlishwa, bei ilisoma dola milioni 6.385 za Marekani. Kwa viwango vya wakati huo ni zaidi ya Sh14 bilioni.

Gari hilo la Uingereza lilitengenezwa mwaka 1965. Lilikuwa na miaka 54.

Sasa hamia Tunduma. Gari la miaka 54 likiegeshwa nyuma ya nyumba hapa, anayelifuata kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu, tena na mzani wake. Linauzwa kwa kilo.

Kwa nini chuma kizee kimoja kinauzwa kwa mabilioni na kingine kwa kilo? Jibu la haraka ni kwamba wenzetu wana hela za kuchezea. Ni kweli, lakini haitoshi.

Kilichonunuliwa si mng'ao

DB5 ile haikuonekana hata kwenye filamu. Ilitumika kuitangaza filamu ya James Bond ya Thunderball. Mwaka 2006 iliuzwa mnadani kwa takriban dola milioni 2.1. Baadaye ikapelekwa Uswisi kwa mafundi wa Aston Martin, wakaifufua yote, pamoja na vikorokoro vyake vya kijasusi. Miaka 13 baada ya mnada wa kwanza, bei ikawa mara tatu.

Mtu anaweza kudhani siri ni rangi mpya na injini iliyofunguliwa. Lakini mwaka 2016 Jaguar D-Type iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1956 iliuzwa dola milioni 21.78, na sifa yake kubwa ilikuwa kinyume kabisa: ilibaki katika umbo lile lile la siku iliposhinda.

Kwa hiyo wanunuzi hawa wanalipia kumbukumbu iliyothibitishwa. Namba ya chasi inajulikana, injini ni ile ile ya kiwandani au sababu ya kubadilishwa imeandikwa, wamiliki wote wanafahamika na kila fundi aliyeligusa ameacha risiti. Hayo yakikosekana, hata gari linalong'aa bei yake inaporomoka.

Muingereza wetu ni Land Rover

Aston Martin si gari la kukutana nalo kwenye foleni ya malori ya Tunduma. Muingereza tunayemjua sisi ni Land Rover. Si gari la mbio, lakini ndilo lililobeba wagonjwa, mahindi, maofisa na maiti kwenye barabara ambazo magari mengine yaliishia njiani. Lile umbo la zamani liliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni mbili.

Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover likilenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu, iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani kwa magari 632. Watu walitoka mbali na magari yao ya mwaka arobaini na saba. Ilionekana wazi kuwa magari haya bado yapo, na yanapendwa.

Tatizo liko kwenye namba. Land Rover nyingi za kazini zilishang'olewa injini ya kwao na kufungwa ya Kijapani, kwa sababu spea zinapatikana na mafuta hayaliwi sana. Kwa mkusanyaji wa magari ya kale, hapo thamani imekatika. Kwa mtu anayepandisha mlima Ileje na magunia ya kahawa, hapo thamani ndiyo imeanza. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja ananunua kitu tofauti.

Sheria inaona umri tu

Mfumo wetu wa kodi hautofautishi hayo mawili. Gari la mtumba likiingizwa nchini likiwa na miaka minane hadi 10, TRA inatoza ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa sababu ya umri. Likizidi miaka 10, ni asilimia 30. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha na VAT.

Lengo linaeleweka: nchi isigeuzwe jalala. Lakini kipimo hicho hakijui tofauti kati ya kimeo cha miaka 12 na gari la kihistoria la miaka 60. Uingereza, gari likishafikisha miaka 40 mwenyewe anaweza kuomba msamaha wa kodi ya barabara.

Kenya nayo inazuia kuingiza magari ya zaidi ya miaka minane. Hata hivyo Nairobi ina maonyesho ya Concours d'Elegance tangu 1970, ambako magari ya zamani yaliyomo nchini hukaguliwa hadi uvunguni na kupewa alama. Mafundi wanapata kazi, wenye magari wanapata sababu ya kutunza makaratasi.

Tanzania ina nafasi moja ambayo wengi hawaifikirii. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Yaani gari la zamani likikaa tu chini ya turubai, halikudai ada hiyo.

Mnada wa huku

Songwe minada ya magari si kitu kigeni. Chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mzigo ukikaa ghala la forodha siku 30 bila kuondolewa unaweza kutangazwa, na zikipita siku 30 nyingine tangu tangazo, ukapigwa mnada. Magari ni sehemu ya mizigo hiyo.

Hapo ndipo somo la Monterey linaposhuka mfukoni mwa mtu wa kawaida. Kwenye minada ya aina hii gari huuzwa kama lilivyo. Anayeshangaa rangi anaweza kuondoka na mzigo wa matatizo. Anayeinama kusoma namba ya chasi, akailinganisha na nyaraka na kuuliza kodi inayodaiwa kabla ya kutaja bei, anafanya kile kile wanachofanya matajiri wa DB5.

Kwa mwenye Land Rover ya marehemu babu, hatua ni nyepesi zaidi. Kabla ya kumwita mtu wa skrepa, tafuta kadi ya gari. Piga picha namba ya chasi na ya injini. Kama injini ya zamani ipo stoo, usiiuze peke yake. Waulize wazee gari lilinunuliwa lini na lilifanya kazi gani, uandike. Pengine halitafika bei ya ng'ombe watano. Ila likishakatwa vipande, hakuna mnada utakaolirudisha.

Wana Songwe wanalijua hili kuliko wengi. Pale Mbozi kuna kimondo, donge la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16. Hakuna anayelipigia hesabu ya kilo. Watu wanalipa kiingilio kwenda kuliona, kwa sababu historia yake inajulikana na imeandikwa.