Daftari la Majina Halijawahi Kufundisha Kiingereza

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikuwa na cheo. Hakikuwa kikubwa kama ukiranja, lakini kiliogopwa zaidi: nilitunza daftari la majina ya wanaoongea Kiswahili. Mapumziko nilizunguka na peni sikioni, nikisikia mtu anasema "nipe maji" naandika. Ijumaa kwenye paredi daftari linasomwa, waliomo wanabaki mbele. Wiki ikikosa majina, linasomwa la kwangu. Kwa hiyo majina hayakukosekana hata siku moja.

Jina nililoliandika mara nyingi kuliko yote ni la jirani yangu wa dawati. Alikuwa mtoto wa Sekenke kama mimi. Nyumbani Kinyiramba, gulioni Kiswahili, Kiingereza tulikutana nacho darasani tu. Hesabu alikuwa anatupiga wote. Kosa lake lilikuwa kunielekeza, na huwezi kumwelekeza mwenzako hesabu kwa lugha ambayo nyote wawili hamuijui. Basi ananielekeza, naelewa, halafu namwandika. Katikati ya mwaka akaacha kunielekeza. Baadaye akaacha hata kunyoosha mkono darasani. Kidato cha Tatu hakurudi, akaenda machimboni. Sisemi daftari peke yake ndilo lililomtoa shule. Umbali ulikuwepo, na njaa ilikuwepo. Ila daftari nalo lilikuwemo, na mwandiko ulikuwa wangu.

Miaka imepita, nikaja chuo kusomea ualimu, na kwa TP nikapangwa ukanda uleule wa Iramba. Nikapewa Kidato cha Kwanza, somo la Kiingereza, wanafunzi zaidi ya 70, vitabu vya kugawana. Pamoja na azimio la kazi nikakabidhiwa karatasi ya kanuni za darasa niibandike ukutani. Kanuni ya kwanza: marufuku Kiswahili. Ya pili: adhabu ya anayevunja ya kwanza. Zikafuata za kuwahi, kufagia na kunyamaza. Nikatafuta kanuni inayosema mwalimu atafanya nini. Hakuna. Shule hizi mbili sizitaji, kwa sababu wewe unayesoma hapa unaweza kuweka jina la shule yako na habari isibadilike.

Hoja yangu ni moja. Darasa la Kiingereza linahitaji kanuni, tena kali. Lakini kanuni ya "usiongee Kiswahili" haimfanyi mtoto aongee Kiingereza. Inamfanya anyamaze. Na mtoto aliyenyamaza miaka minne hatujamfundisha lugha yoyote.

Wala jambo hili si geni. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, alieleza jinsi mtoto aliyekamatwa akiongea Kigikuyu kwenye shule za Kenya ya mkoloni alivyochapwa, au kuvishwa kipande cha chuma shingoni chenye maneno ya kumdhalilisha. Na wakosaji walipatikanaje? Watoto walikabidhiana kitu kimoja mkono kwa mkono, kila mmoja akimtafuta mwenzake wa kumtupia. Mkoloni kaondoka, sisi tumebadilisha kifaa tu, tukaleta daftari. Somo lenyewe ni lilelile: kumuuza jirani yako ili wewe upone.

Tuje kwenye sheria, maana wengine watasema ni utaratibu wa shule. Kanuni za adhabu ya viboko za 1979, kama zilivyobadilishwa 2002, zinataka kiboko kitolewe kwa kosa kubwa la nidhamu, kisizidi viboko vinne, kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na kiandikwe kwenye kitabu. Mimi binafsi ningependa kiboko kisiwepo kabisa. Lakini hata kwa anayekipenda: tangu lini kuomba maji kwa lugha ya taifa kukawa kosa kubwa la nidhamu?

Najua jibu lililozoeleka. "Bila kuwabana hawajifunzi. Angalia za kulipia, wanabanwa na wanaongea." Tuitazame hoja hiyo kwa haki. Mtoto wa shule ya kulipia ameanza kusikia Kiingereza akiwa chekechea. Ana kitabu chake mwenyewe, darasa lake halijajaa, na nyumbani yupo mtu wa kumjibu. Tunaviacha vyote hivyo kwa sababu vina gharama, tunachukua kimoja kisicho na gharama, yaani bango la kukataza, kisha tunashangaa halizai.

Njoo Sekenke uone lugha inavyoingia kwa watu. Dhahabu imechimbwa pale tangu Wajerumani walipofungua mgodi mwaka 1909, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Mama asiyejua kusoma atakwambia karasha imeharibika na kompresa haina mafuta. Hakuna aliyemchapa ayajue maneno hayo. Yaliingia kwa sababu kuna kazi ya kufanya nayo, anayasikia kila siku, na akikosea hakuna anayemcheka. Kazi, kusikia mara kwa mara, kutochekwa: hayo matatu ndiyo yanayokosekana kwenye vipindi vyetu vya dakika 40.

Kuna ndugu watasema tatizo lote ni Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Inawezekana wana haki. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili, haikutekelezwa. Sera ya Elimu ya 2014 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na bado sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Mjadala huo uendelee. Ila mtoto wa Kidato cha Kwanza yupo darasani leo, hawezi kusubiri tukubaliane.

Kwa hiyo ile karatasi sikuibandika. Nilikwenda kwa mwalimu mwenyeji wa somo, mtu mzima, nikamwambia, "Mwalimu, naomba ruhusa nijaribu za kwangu kwa muda nitakaokuwepo." Akaniangalia, akasema, "Haya kijana, ila wakipiga kelele ni wewe." Niliandika nne, kwa lugha zote mbili ili kila mmoja ajue anachodaiwa.

Moja: kila mtu atasema walau sentensi moja ya Kiingereza kila kipindi, hata kama ni fupi. Nilikuwa na orodha ya majina, ndiyo, lakini niliweka vema kwa aliyeongea.

Mbili: ukikwama, uliza kwa Kiswahili, tutakupa maneno, kisha wewe utarudia kwa Kiingereza. Hakuna kukaa kabla ya kurudia.

Tatu: kila wiki utaandika nusu ukurasa kuhusu jambo la nyumbani, na mwalimu atarudisha Jumatatu likiwa limesahihishwa. Hii ilinibana mimi kuliko wao. Madaftari 70 na kitu, kwa taa ya simu, si mchezo. Wiki mbili nilichelewa, nikasimama mbele yao nikaomba radhi.

Nne: anayemcheka aliyekosea ndiye atakayejibu swali linalofuata.

Sitakudanganya kwamba walitoka pale wanaongea kama watangazaji. Wiki chache hazitoshi, na kelele kweli zilikuwepo. Wapo walioikariri sentensi moja wakaileta kila siku. Lakini kuna binti aliyekuwa anakaa nyuma kabisa, wenzake waliniambia hajui kitu. Wiki ya tatu akaandika juu ya malori yanayopanda mlima wa Sekenke usiku, jinsi anavyolala akisikiliza gia. Kitenzi kila sentensi kilikuwa kimekosewa. Lakini alikuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kusahihisha. Daftari tupu halisahihishiki.

Kama unadhani haya ni ya watoto, kaa kwenye semina zetu hapa chuoni. Watu 40, wanaongea watatu walewale. Wengine si kwamba hawajasoma. Msubiri mmoja kantini, atakuchambulia mada nzima kwa Kiswahili mpaka chai ipoe. Akirudi semina, kimya. Huyo ametoka kwenye daftari la mtu. Pengine langu.

Wanangu wa Elimu mnaokwenda TP mwaka huu: hamtakuta vitabu vya kutosha, na hamtapunguza wanafunzi. Karatasi ya kanuni ukutani ni kati ya vitu vichache mtakavyoachiwa muandike wenyewe. Ombeni ruhusa kwa heshima, muandike inayomdai mwanafunzi aongee na inayomdai mwalimu asahihishe. Mkipewa daftari la majina mumkabidhi mtoto, rudisheni.

Kabla sijarudi chuo nilipita Sekenke nyumbani. Jirani yangu wa dawati nilimkuta kwenye karasha, vumbi mwili mzima. Tukasalimiana, tukaulizana habari za wazee. Halafu akanitazama akitabasamu, akaniuliza, "Vipi ticha, umeniandika?"

Tulicheka wote. Kicheko changu kiliisha kwanza.