Kabla ya kwenda China



Mmoja wenu, mpiga kinanda wa kwaya, aliniuliza kama ni aibu kwa mtoto wa Yanonge kuomba bursa ya kwenda China, si kusomea udaktari wala madini, bali kuchunguza muziki wa piano unaotungwa huko siku hizi. Wazee waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka.

Piano ilifika China kutoka Ulaya, kama kinanda kilivyofika kwetu. Mwaka 1934 mtunzi Mrusi, Alexander Tcherepnin, aliandaa mashindano Shanghai, akitaka Wachina watunge vipande vya piano vyenye roho ya kwao. Alishinda He Luting, kwa kipande kinachoiga filimbi ya mtoto mchunga nyati. Nusu karne baadaye, mwaka 1984, mama Chen Yi alitunga Duo Ye kutokana na nyimbo na michezo ya Wadong wa kusini. Naye alikuwa amekwenda kwanza vijijini kwao kuwasikiliza.

Hilo latuhusu sana. Kichina, kama Kilokele, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Kwetu lisaka ni dimbwi, au ahadi, au sumu, kwa kadiri ya sauti. Lokole lina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, lakini lilipeleka habari kijiji hadi kijiji, kwa kuwa neno fupi lilirefushwa kuwa fungu zima la maneno lisichanganywe na jingine. John Carrington wa Yakusu aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 1949. Hakuwa Mkatoliki, lakini alikuwa na masikio. Nasi je? Tunayafunga maneno yetu kwenye tuni za kuazima, na ahadi huenda ikaimbwa kama sumu bila mwanakwaya yeyote kushtuka.

Watauliza: akirudi atapiga piano ipi, wakati kinanda chenyewe kinangoja petroli ya jenereta? Swali ni la haki. Lakini simtumi alete piano. Nataka aone jinsi wenzetu walivyokitiisha chombo cha kigeni kiifuate lugha yao, kisha aje atutungie.

Nilimwambia barua yake nitaiunga mkono kwa sharti moja: miezi mitatu kwanza akae na mzee anayejua bado kupiga lokole. Alinung'unika kidogo. Ameanza Jumamosi iliyopita.