Meza, kisha jikune

KIBARAZANI, na Binti Makorora

Mnaonisoma mnajua kwamba mimi na kicheni pati hatupatani. Lakini Jumamosi shangazi alinishika mkono, nikaenda.

Mfundaji alikuwa mama mmoja mwenye maiki na sauti ya kuuzia viwanja. Somo lake lote lilikuwa moja: mke mwema humeza. Mume akichelewa, meza. Mawifi wakisema, meza. Machozi yakikujia, yapeleke bafuni ufungulie maji. "Funika kombe mwanaharamu apite!" Vigelegele.

Kisha akamwona dada mkubwa wa bibi harusi. Huyu ana pumu ya ngozi tangu utotoni; tunaomjua tumezoea kumwona na mikono mirefu. Kamati, kwa hekima zake, ilikuwa imechagua sare ya satini, katika ukumbi ambao feni zote zinatazama jukwaani. Jasho linamtoka, kajibanza pembeni anajikuna kunjo la kiwiko kwa ncha ya ufunguo, taratibu, akidhani haonekani. Mfundaji akamvuta mpaka katikati.

"Mnamwona huyu? Ana kinyongo. Ngozi inatoa yale ambayo moyo umeyaficha. Mwanangu, samehe, utapona."

Nusura soda inipalie. Mama, muda wote huu ulikuwa unafundisha nini kama si kuficha?

Kwamba mawazo huichokoza ngozi, sibishi. Ngozi na ubongo hutokana na tabaka moja mimba ikiwa changa, na mpaka leo vinapelekeana habari. Hasira ikikosa pa kutokea, mwili humwaga homoni, unawashwa, unajikuna, ngozi inachubuka, unawashwa zaidi, usingizi unaruka, na kunakucha una hasira mpya. Mwenye pumu ya ngozi halijui hilo kwa kusikia kwenye maiki. Ila kuchochea moto si kuuwasha. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya mume na mawifi: ngozi haishiki unyevu, kinga ya mwili ina papara, na mara nyingi ni mambo ya kurithi.

Wazungu nao walipita njia hii. Mwaka 1950 Franz Alexander, bingwa wa nafsi kule Chicago, aliuingiza ugonjwa wa ngozi kwenye orodha yake ya maradhi saba ya hisia zilizobanwa, na zama hizo kina mama wa watoto wenye pumu ya ngozi walishukiwa kwamba hawawapendi wanao. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, wakaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa huzaliwa na hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuiziba ngozi. Jeni ya kinyongo hawakuiona.

Alichohitaji dada yetu saa ile ni gauni la pamba, mafuta mazito yasiyo na harufu, na watu wamwondokee. Mfundaji hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na manukato yaliyofika mezani kwetu kabla yake.

Halafu hii "samehe" mbona huwa wanaambiwa wanaowashwa tu? Sijawahi kuona aliyeudhi akiitwa katikati ya ukumbi, akashikishwa maiki, akaambiwa ngozi ya mwenzake imemtaja. Yeye yuko zake nje na wenzake, analetewa sahani yenye nyama kubwa. Binti anafundwa kumeza; akimeza anasutwa kwamba kameza; akisema, hakufundwa.

Kwenye bajaji nikamwambia shangazi kwamba hili naliandika.

"Andika, mwanangu," akasema, "ila ya mume wa yule dada usiyaguse. Hayo tumeshamwambia avumilie."